Kofia Yako Bado Ipo kwenye Swichi

Kariuki rafiki yangu,

Mashine namba tatu ilikataa kuamka. Nakuandikia kwa sababu ni wewe uliyeifunza ukaidi huo, na hapa chuoni hakuna mwingine wa kulaumu.

Tumefungua muhula bila wewe. Meza yako imejazwa mafaili. Kikombe chako nimekificha, maana walimu wenzetu walishaanza kukinywea chai. Darasani bado nasema “sisi”.

Unakumbuka tulivyoanza. Kiwanda cha uzi kilichoshwa na wanafunzi wetu kukata nyuzi zake, basi tukaamua kuunda mashine za kusokota uzi ndani ya kompyuta. Mashine za kuonekana kwenye skrini tu, zisizo na chuma wala grisi, lakini zenye tabia zote za zile za kweli. Na kwa kuwa stima ya Thika, umeme wetu huu, hupotea ikijisikia, tukabishana muhula mzima kuhusu usingizi wa mashine. Mimi nilitaka ishara moja: kompyuta iseme “lala”, basi. Wewe ukanirukia. “Wee Nekesa! Kuambiwa ulale na kulala ni kitu kimoja? Kuja nyumbani uulize mtoto wangu Njeri.”

Tukaweka ishara mbili. Kompyuta inasema lala. Mashine inasimamisha magurudumu, inaandika kwenye diski mahali ilipofika, ndipo inajibu: nimelala. Kabla ya jibu hilo hakuna kuzima chochote. Kuamka vilevile: inaulizwa, inakumbuka ilipokuwa, inajibu, ndipo inazunguka.

Halafu ukaleta ile desturi ya kiwandani. Fundi akiingiza mikono ndani ya mashine hutundika kofia yake kwenye swichi, na hakuna wa kuitoa ila mwenyewe. Ukaiweka kwenye programu yetu, neno kwa neno. Nikakuuliza, na mwenye kofia asiporudi? Ulicheka mpaka ukashika meza. “Atarudi tu. Ataenda wapi bila kofia?”

Siku ya kufunga chuo uliilaza namba tatu ili urekebishe jinsi uzi wake unavyokatika, ukaitundikia kofia ya kwenye programu, ukaenda zako. Likizo ukachukua kibarua kiwandani, kutengeneza zile za chuma.

Walichotuambia ni hiki. Stima ilikuwa imepotea. Ulitundika kofia, ukaingia chini ya mashine. Stima iliporudi, msimamizi akaiona kofia, akadhani umeisahau ukaenda chai. Akaitoa. Akaipangusa vumbi, Kariuki, akaiweka vizuri kando. Kisha akawasha.

Nina hasira na sijui niipeleke wapi. Kwenye mazishi yako pale Ruiru msimamizi huyo alikuja, akalia kutushinda sisi sote, na nilimchukia hata kwa hayo machozi. Mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka alipomaliza.

Sasa sikia. Wiki hii darasa la mwisho lina mtihani kwenye mashine zetu. Mkuu wa chuo alisema zisipoamka zote, kompyuta zinarudi ofisini kuchapa barua, na habari ya mashine za skrini iishie hapo. Kazi yetu yote, yako na yangu. Lakini kila nilipoiambia namba tatu iamke, iliandika: KOFIA YA KARIUKI IPO. NAMSUBIRI KARIUKI. Wanafunzi walisoma. Mmoja akatoka nje.

“Mwalimu, si uweke tu njia ya kutoa kofia yoyote?” mkuu akaniambia. “Hiyo ni kompyuta. Haiwezi kuua mtu.”

Ningeweza. Ni mistari michache. Nilikaa mbele ya kibodi, nikaisukuma kando. Hawa vijana wakizoea hapa kutoa kofia ya mtu kwa sababu wana haraka, wataenda na mazoea hayo kiwandani. Na huko, chini ya mashine, kutakuwa na baba wa mtu.

Basi nimeunda ishara ya tatu, kwa lile swali ulilolicheka. Mwenye kofia asiporudi, mtu mmoja hawezi kuitoa. Wa kwanza anaikagua mashine kila sehemu. Wa pili yuko kwenye swichi, anauliza, anangoja ajibiwe. Asipojibiwa, mashine inaendelea kulala hata mwaka uishe. Najua ungesema, na akinyamaziwa je? Kimya si jibu. Nimeiandika hivyo.

Huyo wa pili sikutaka awe mkuu. Nilienda Ruiru kwa mke wako. Kofia yako ya kweli, ile ya kijani, iko kwenye msumari karibu na mlango. Njeri hataki iguswe, anasema baba ataitaka. Nilimweleza Mama Njeri shida yangu nikijua atanifukuza. Akanisikiliza hadi mwisho, akajifunga kitambaa kichwani, akasema, “Twende.”

Nilimketisha kwenye kiti chako. Mimi nikaikagua namba tatu kwenye skrini, sehemu baada ya sehemu, kama vile kweli kungekuwa na mtu. Yeye, kidole juu ya kibodi, akauliza kama nilivyomfundisha.

“Kuna mtu ndani?”

Nilifungua mdomo, sauti ikakataa. Hakubonyeza. Alingoja tu, macho kwenye skrini. Kisha akauliza tena, polepole.

“Mwalimu, kuna mtu ndani?”

“Hakuna, mama,” nikasema. “Hayumo.”

Ndipo akabonyeza. Namba tatu ikaamka palepale ulipoiacha, uzi umekatika upande wa kushoto, kana kwamba ulikuwa umeenda chai. Mama Njeri akagusa skrini pale uzi ulipokatika. “Aliacha hapa?” akauliza. Nikamwambia ndiyo. Tukalia, Kariuki, na mashine inazunguka.

Kwaheri, rafiki yangu. Nakuahidi hakuna mwanafunzi atakayetoka mikononi mwangu bila kujua kuuliza na kungoja jibu. Na ile kofia ya msumarini sitaigusa, wala sitaruhusu mtu amshawishi mtoto. Ni Njeri mwenyewe atakayeitoa, siku atakayokuwa tayari.

Wako,
Nekesa