Namba za Mwaka Jana

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kifua cha shemeji kimepata nafuu. Mimi mwili hauna tatizo. Lililo moyoni utalisoma.

Binti yako amelazwa. Alivunjika mfupa wa paja, karibu na nyonga, Jumanne asubuhi, katika mzunguko wa sita wa mazoezi ya mbio. Hakujikwaa wala hakugongwa na mtu. Mwenzake aliyekuwa nyuma anasema alisikia mlio kama wa kijiti kikavu. Wamemtia vyuma. Daktari anasema kutembea atatembea, kukimbia, asahau.

Najua utauliza ilikuwaje, maana mimi ndiye ninayewapima wanariadha wa kambi hii. Kila Jumatatu nakusanya mate yao kabla hawajanywa chai, nachukua na damu kidogo, napima homoni: ile inayopanda mwili ukielemewa, na zile zinazolinda mifupa na hedhi ya wasichana. Namba zikiharibika, daktari wa timu humpumzisha mtu siku hiyohiyo, hata kocha anune vipi.

Miezi mitatu iliyopita mwanao alikuja maabara, akafunga mlango. Alisema hapati usingizi, miguu ni mizito kama si yake, na siku zake hajaziona miezi mitano. Akaniomba, "Mama mdogo, waambie nipumzike." Nilimjibu kwamba vipimo havidanganyi, na vyake ni vizuri. Ndipo nikakuandikia kwamba ameanza uvivu, nawe ukampigia simu ile, ukamwambia asirudi nyumbani bila medali. Tangu hapo hakulalamika tena. Akawa wa kwanza kufika uwanjani.

Dada, vipimo vyake vilikuwa vibaya kuliko vya wote. Niliviona. Kila Jumatatu nilivifuta nikaandika namba za mwaka jana, alipokuwa mzima. Hakuna aliyenituma. Mchujo wa kuchagua timu ulikuwa umekaribia, nami nilishawatambia kambi nzima kwamba yule ni damu yangu.

Yeye hajui. Jana nilipokwenda kumwona alinishika mkono, akanisihi nikuombee msamaha kwa uvivu wake. Anasema angejituma tangu mwanzo, mwili usingemlegea. Nilimwambia nitakufikishia.

Basi nimekufikishia. Msalimie shemeji na watoto wote, kila mmoja kwa nafasi yake.

Ni mimi,
mdogo wako.