Kikao cha Dharura Kuhusu Muswada wa Kelele

CHAMA CHA MAFUNDI WA KICHOCHORO CHA NYUMA YA SOKO
Kikao Na. 3, Jumatano, karakana ya Mwenyekiti, saa 8:00 mchana

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (seremala), Mjumbe wa Bunge (mchomelea mageti, cheo alijipa mwenyewe), Mama Unga (mwenye mashine ya kusaga, mjane wa kaka yake Mwenyekiti), Katibu (fundi cherehani).

HAKUHUDHURIA: Fundi redio. Alituma udhuru kwamba anaumwa. Alionekana kupitia dirisha akicheza drafti.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:25, baada ya kumaliza kupiga randa mlango wa mteja. Aliwataka wajumbe wasiwe na papara.

KUMB. NA. 2/3: TAARIFA YA BUNGENI
Mjumbe wa Bunge alieleza kwamba alikuwepo Bungeni wakati Muswada wa Kudhibiti Kelele uliposomwa mara ya kwanza. Alikaa jukwaa la wageni akiwa amevaa koti la Katibu, ambalo bado analo mwilini. Alisema karani alisimama, akasoma jina la muswada, akaketi. "Jamani, tulale usingizi. Ule muswada hauna kitu ndani, ni jina tu."

Katibu alifafanua kwamba mara ya kwanza husomwa jina tu. Kisha muswada huenda kwenye kamati, ambayo hupokea maoni ya wananchi. Mara ya pili wabunge huujadili na kuupitia kifungu kwa kifungu. Mara ya tatu huupitisha, ukapelekwa kwa mkuu wa nchi kutiwa saini. Wananchi husikilizwa kwenye kamati, na kamati inafunga kupokea maoni leo saa 10:00. Katibu alikumbusha kwamba aliyasema haya wiki mbili zilizopita, akaambiwa anajifanya mjuaji.

Alisoma kifungu cha tisa: mashine yoyote iliyo karibu na makazi isiwashwe kabla ya saa mbili asubuhi. Mama Unga alieleza kwamba wateja wake huja saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda kazini. "Saa mbili namsagia nani? Marehemu aliniachia mashine na watoto wanne, basi."

KUMB. NA. 3/3: BARUA YA MAONI
Katibu alitoa barua aliyoiandaa, ukurasa mmoja. Mama Unga aliomba ipelekwe mara moja. Mwenyekiti aliamua isomwe mara tatu kama Bungeni, kwa kuwa "na sisi si watu wa hovyo".

Mara ya kwanza kilisomwa kichwa cha barua. Kisha iliundwa kamati ya Mwenyekiti na Mjumbe wa Bunge, wakajitenga nyuma ya rundo la mbao. Walirudi saa 9:10 na rekebisho moja: jina la Mwenyekiti liandikwe kwa herufi kubwa. Mara ya pili uliibuka mjadala kati ya wanakamati hao, kila mmoja akidai mwenye kelele ni mwenzake.

Saa 9:25 Mama Unga alisema, "Shemeji, someni tu." Alichukua barua, akamvua Mjumbe wa Bunge koti, akalivaa na kupanda pikipiki. Mwenyekiti alimwamuru arudi kwa mujibu wa kanuni. Kanuni zilitafutwa, hazikuonekana.

KUMB. NA. 4/3: SIMU
Saa 9:55 Mama Unga alipiga simu. Barua iligongwa mhuri saa 9:51. Karani wa kamati alimwambia hayo ndiyo maoni pekee yaliyoletwa juu ya kifungu cha tisa, na Jumanne aende akajieleze mbele ya wabunge. Katibu alitokwa na machozi na haoni sababu ya kulificha hilo.

Mwenyekiti alitamka kwamba barua ni batili, kwani haikusomwa mara ya tatu. Kisha aliuliza kama Jumanne Mama Unga anaweza kusindikizwa na kiongozi wake.

Mama Unga, akiwa bado kwenye simu, alijibu kwamba inawezekana, ila Shemeji aandike ombi, nalo lisomwe mara tatu.

KUMB. NA. 5/3: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 10:00 kamili, fundi redio alipoingia kuuliza kama amechelewa.

MWENYEKITI: ............ (hajasaini, anaandika ombi)
KATIBU: amesaini, bila koti