Nilimwomba Mafuta Tu

We Patrobas, acha kula, soma hii kwanza. Nimekasirika.

Unaijua ile saa yangu ya mkononi ya kutia ufunguo, niliyoitafuta sokoni Gikomba mpaka viatu vikatoboka. Nilimpelekea Thuo, fundi saa wa Majengo, aitie mafuta tu. Mafuta tu!

Leo naiweka sikioni, kimya. Mshale wa sekunde unaruka kama panzi. Namuuliza, "Thuo, umefanya nini?" Anatabasamu! "Nimekusaidia, kijana. Nimekutilia mashine ya betri. Huu ni mwaka wa themanini na sita, nani bado anatia ufunguo kila asubuhi?"

Nimekusaidia! Alisema hivyo, halafu akangoja shukrani.

Nikamwambia anirudishie mashine yangu. "Hiyo nilimtilia mzee mmoja wa Buruburu. Saa yake ya aina hiyo hiyo ilikuwa imekufa. Alifurahi mpaka akanishika mikono miwili."

Mzee gani? Mzee Shitanda. Babako! Si ndiye aliyetuonyesha saa yake Jumapili akisema imefufuka, na mimi mjinga nikapiga makofi?

Thuo nimemtukana mpaka wateja wake wakatawanyika. Lakini babako nitamwanzia wapi? Ile ni saa ya harusi yake.

Wewe ndiwe mwanawe, mwambie wewe. Ukishindwa, nitakuwa nakuja kwenu kila jioni kusikiliza mashine yangu ikipiga mkononi mwake. Mwambie mama yako aongeze ugali.