Jicho la Kulwa

Jumatatu, 3 Machi
Mpunga umeingia mwingi mashineni leo. Vumbi la pumba hadi kwenye kibodi. Mchana bosi kaenda kula, nikabaki na kompyuta ya ofisi. Nikajaribu kufungua picha za mwanangu Kulwa. Simu yangu ilidumbukia kwenye ndoo wiki iliyopita, ikafa, lakini picha zilishapanda mtandaoni. Nywila ninayo. Kompyuta ikataka namba ya uthibitisho, ikaituma kwa simu ya Masanja, shemeji yangu. Kumbe! Ndiye aliyenifungulia akaunti kwenye steshenari yake, akaweka namba yake. Nimempigia kwa simu ya ofisi. Mtandao unasumbua, kasema. Kesho.

Jumatano, 5 Machi
Kesho nyingine.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempigia mara nne nikiwa mbele ya kompyuta. Namba ile inakufa baada ya dakika chache, naye anajua. Hapokei. Jioni nimemkuta dukani kwake anacheka na wateja.
"Shem, haraka ya nini? Picha haziozi."
Nina haraka. Mwaka umepita tangu tumzike mwanangu. Kila akipigwa picha alifumba jicho moja. Tukimkanya, anafumba zaidi. La kushoto au la kulia? Nimesahau. Mama gani mimi? Doto, pacha wake, simuulizi. Naogopa kumliza.

Jumanne, 11 Machi
Baba Kulwa anataka nimwache mdogo wake, ana kazi nyingi. Ugali umetoka na mabonge.

Ijumaa, 14 Machi
Leo Masanja kapiga mwenyewe simu ya ofisi. Niko tayari, shem, fungua. Nikafungua. Sinema. Sinema tupu, zile zilizotafsiriwa, anazowajazia wachimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa kwenye flashi. Nafasi imejaa. Folda yangu ya "Watoto" ipo. Haina kitu.
Nikatazama kumbukumbu za akaunti. Picha alizifuta tarehe kumi Februari. Pipa la taka linatunza siku thelathini, basi. Kwa hiyo siku ile ya kwanza nampigia, mwanangu alikuwa bado pipani. Zilibaki siku tisa. Kubonyeza mara moja tu angerudi. Kanipiga danadana mpaka pipa likajimwaga, ndipo kanipa namba.
Mshenzi. Na ndiye aliyeshika koleo makaburini.

Jumamosi, 15 Machi
Nimemfuata. Hakukana. Eti akaunti ilijaa, na sinema ndiyo kazi yake. Eti aliogopa nitagomba. Halafu akaongeza:
"Shem, si Doto yupo? Wale sura moja tu."
Baba Kulwa alikuwa amesimama pale pale. Kaangalia chini. Alijua. Tangu Jumanne alijua, akala ugali wangu kimya. Kikulacho ki nguoni mwako, tuliimba shuleni bila kuelewa. Leo nimeelewa. Nawachukia wote wawili, na leo sitaki kuombewa.

Jumapili, 23 Machi
Wiki nzima sijaandika. Baba Kulwa analala sebuleni.
Nimenunua simu nyingine, nimefungua akaunti mpya. Namba yangu, nywila yangu. Tulipotoka kanisani nimempiga Doto picha mlangoni, ili folda isikae tupu. Kanyooka kama mgambo.
Kisha kasema, "Mama, sasa nipige nikiwa Kulwa."
Akafumba jicho. La kushoto, bila kuwaza.
Nimempiga.