Urefu wa Bomba la Moshi

Mjukuu wangu Riziki,

Salamu zikufikie huko Luleå, kaskazini mwa Uswidi, kwenye baridi. Sisi hapa Husby hatujambo. Magoti yanamsumbua bibi yako, lakini ubishi wake mzima kabisa.

Umeniuliza, kwa kuwa chuoni mnabuni jiko la kuchomea nyama, mimi ningebadilisha nini.

Nilipokuwa kijana Uvira, mama yangu alikausha samaki kwa moshi juu ya pipa lililokatwa nusu, machozi yakimtoka kutwa. Niliona uchungu. Nikamchomelea jiko la bati lenye mlango, na bomba refu la kupeleka moshi juu kabisa. Macho yake yakapona. Nikajisifu mtaa mzima.

Siku ya tatu nikamkuta amekaa na sahani tupu mapajani. Kwetu jirani haalikwi kwa mdomo, ananusa, anakuja. Sasa hakuna aliyenusa.

“Mwanangu,” akasema, “macho umeniponya. Lakini tangu juzi nakula peke yangu.”

Nikachukua msumeno, nikalikata bomba likabaki juu kidogo tu ya kichwa chake. Jioni ile ile sahani hazikutosha.

Hata hapa, nikiwasha jiko uani Jumamosi, yule mzee Mswidi wa ghorofa ya pili hufungua dirisha, halafu tunasikia viatu vyake kwenye ngazi. Anaishi peke yake.

Basi waambie walimu wako: bomba lipite macho ya mpishi, lisipite pua ya jirani.

Babu yako