Malkia Aliyepandishwa Mstari

Shanghai, tarehe 20 mwezi wa nane, mwaka wa nane wa Mfalme Xianfeng

Baba, shikamoo. Natumai kifua kimepunguza kukusumbua, na mama hajambo. Mimi mzima, ila nimefungiwa. Sisi waandishi wa mapatano ya forodha hatutoki uani mpaka Waingereza watie sahihi: ushuru wa chai, wa hariri, na meli zao kupanda Mto Yangzi. Hata kasumba tumeipa jina la heshima, eti "dawa ya ng'ambo."

Hayo si kitu. Kinachonikaba ni malkia wao. Wanataka kila akitajwa nivunje mstari, nilipandishe jina lake juu kabisa ya ukurasa, heshima ambayo ni ya Mfalme wetu peke yake. Nisipompandisha hawatii sahihi, na manowari zao ziko hapa mtoni. Nikimpandisha, huo ni uhaini. Nilimwuliza mkubwa wangu, Bwana Qiu.

"Pandisha," akasema. "Ila chini ya kila ukurasa tia jina lako na la kijiji chako, tujue mkono ni wa nani."

"Na amri yako niiandike wapi, bwana?"

"Amri gani? Kwani mimi nimesema kitu?"

Nifanyeje, baba?

Mwanao, Zhaoheng

Kijijini, Xiangshan, tarehe 9 mwezi wa tisa

Mwanangu, marahaba. Kifua ni kilekile, na siku hizi mama yako anakohoa kunisindikiza.

Unajua mimi nilifukuzwa kwenye mtihani wa serikali kwa kuliacha jina la Mfalme katikati ya mstari. Kosa moja tu, nikaishia kufundisha watoto wa wenzangu. Wewe usicheze. Fahali wawili wanapigana, na nyasi ni wewe. Sema macho yameharibika, uje nyumbani.

Babako

Shanghai, tarehe 6 mwezi wa kumi

Baba, shikamoo. Afya zenu? Nilifunga macho kitambaa siku mbili kama ulivyosema. Bwana Qiu alicheka: "Basi andika kwa kupapasa!"

Nimeandika. Nimempandisha malkia mara kumi na moja, na mkono haukutetemeka. Naona aibu kwa hilo. Sahihi zimetiwa juzi, na lango litafunguliwa mwisho wa mwezi ujao. Nakuja nyumbani, baba. Nimewakumbuka mno.

Mwanao, Zhaoheng

Kijijini, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja

Zhaoheng,

Sikuulizi hali, utaona kwa nini. Juzi askari wa wilaya walikuja na karatasi yenye jina lako. Wanamtaka mtu aliyemlinganisha malkia wa kigeni na Mfalme, na wasipompata watachukua jamaa zake.

"Mmechelewa," nikawaambia. "Homa imemmaliza hukohuko Shanghai."

"Kaburi liko wapi?"

Nikawaonyesha. Nililichimba wiki ile barua yako ilipofika, maana nilijua watakuja, nikazika nguo zako, kama tunavyowafanyia wanaofia mbali. Katika kitabu cha ukoo nimekuandika marehemu kwa mkono wangu, na mkono ulitetemeka.

Usirudi. Usiandike tena, maana barua ya maiti ikionekana hapa, tumekwisha sote. Tafuta jina jingine, uishi. Nisamehe, mwanangu.

Mama yako sikumwambia kuwa u hai. Unamjua, hawezi kuigiza. Analia kila asubuhi, na askari wamemwamini.

Baba yako