Alama Iliyolala Kushoto

Mama,

Chungu chako kimevunjika. Nakwambia mapema kwa sababu hukupenda watu wa kuzungukazunguka. Kilivunjika Jumamosi mchana, jikoni kwangu hapa Balsall Heath, huku ughaibuni, na aliyekivunja ni mjukuu wako Mwikali, yule niliyempa jina lako. Mimi nikamvunja kidole.

Haya, nimesema. Ngoja nipumue.

Nakuandikia kwa Kiswahili, kile ulichouzia vyungu sokoni na kutugombeza nacho tukikawia kuleta maji. Ni miezi minane tangu tukuzike. Nilikuja kwa siku tatu tu, nikatupa udongo wangu kaburini, nikarudi huku na chungu chako cha mwisho nimekipakata kwenye ndege. Mhudumu alitaka nikiweke juu kwenye mizigo. Nilimtazama hivi, akaghairi.

Uliwahi kuniuliza kwa simu nasomea nini huku, mtu mzima mwenye mtoto. Nikakueleza. Kwamba kulikuwa na mzee mmoja wa Kiingereza, mwenye ndevu, aliyeona kuwa viumbe hurithi maumbile ya wazazi wao kwa tofauti ndogondogo, na kwamba baadhi ya tofauti hizo hudumu na nyingine hufa. Na kwamba siku hizi sisi tunaochimbua mambo ya kale tunavitazama vyungu kwa jicho hilohilo. Binti humwiga mama yake, huiga vibaya kidogo, kosa lake huigwa na binti yake, na vizazi vikipita ukoo mzima wa vyungu unakuwa umebadilika. Ulinisikiliza hadi mwisho. Halafu ukacheka mpaka ukakohoa. "Vyungu havizai, Kanini. Wanaozaa ni watu."

Nilikasirika, unazijua hasira zangu. Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Sasa sikiliza nilivyokuwa mjinga. Kila mfinyanzi wa kwetu ana alama yake chini ya mdomo wa chungu, ili vikichomwa pamoja kila mmoja atambue chake. Ya Nyanya ilikuwa chapa tatu za ukucha wa kidole gumba, zimesimama wima. Yako ilianza vivyo hivyo, kisha ghafla ile ya tatu ikalala kushoto. Wanawake wote uliowafundisha baadaye wakailaza, na mabinti zao wanailaza mpaka leo. Nilipima alama hizo moja moja, nikachora ukoo wake kwenye karatasi kubwa, nikaibandika ukutani sebuleni. Chini yake nikaandika: mabadiliko haya hayana sababu, hayaimarishi chungu wala hayakipendezeshi, ni kosa la kuiga tu, bahati tupu. Nilisimama mbele ya walimu wangu nikayasema hayo, wakanipigia makofi. Nikajiona mtu.

Basi Jumamosi. Mwikali ana miaka kumi na miwili. Kiswahili anakielewa chote, anajibu kwa Kiingereza. Alitaka kumwonyesha rafiki yake kwenye simu chungu cha nyanya yake, akakishusha rafuni kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimeshamkataza, mara ngapi! Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nikasikia ule mlio, unaujua mwenyewe.

Sikufikiri, Mama. Mwiko ulikuwa mkononi, bado una ugali wa moto. Nilimpiga mgongoni. Nilimpiga begani. Akauinua mkono kukinga uso, nikaupiga ule mkono, kwa nguvu zangu zote, na kidole kikalia kwa sauti ya kijiti kikavu. Yeye hakupiga kelele. Niliyepiga kelele ni mimi. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama bado ninayo, yale ya Baba, neno kwa neno.

Kisha nikaokota vigae.

Ndiyo. Kabla sijamwangalia mtoto. Nilipiga magoti nikaviokota kimoja kimoja, nikaleta ile mifuko midogo ya kazini, nikaandika namba. Kile chenye alama nikakiviringishia pamba. Mtoto amejikunyata karibu na friji, ameshika mkono wake, ananitazama nikiandika. Nilikuwa nimefika namba kumi na saba aliposema, taratibu, kwamba anasikia kutapika.

Hospitalini muuguzi akauliza imekuwaje. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ningesema nini? Haki ya Mungu sijui. Mwikali akanitangulia. "It was the door," akasema. Hakupepesa. Alieleza hadi upepo ulioupiga huo mlango. Na mimi, mama mzima, nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili baada ya kanisa akaja Dada Ndunge kutoka Kings Heath. Aliona bandeji, nikamwambia mlango. Alienda mezani kwenye vigae, akachukua kile chenye alama, akakigeuza, kisha akatazama mchoro wangu ukutani, akaniuliza ni nini hiki. Nikamweleza. Kwa majivuno, Mama! Mbele ya mtoto mwenye kidole kilichovunjika nilikuwa najivunia mchoro. Nilipofika kwenye "bahati tupu" akakiweka kigae chini.

"Bahati? We Kanini, hiki ni kidole cha Mama."

Akanihadithia. Pale mlipokuwa mkifinyangia, chini ya kingo za mto, mwanamume haruhusiwi kukanyaga. Akikanyaga, vyungu vitapasuka motoni. Siku hiyo vyungu vilikuwa motoni na hukuweza kuviacha, kwa hiyo chakula cha Baba hakikuwa tayari. Akaja. Akaingia na viatu vyake mpaka katikati ya wanawake. Akauchukua mchi wa kutwangia udongo mkavu, akakushika mkono wa kulia, akaulaza juu ya jiwe. Akakipiga kidole gumba mara mbili. Ndunge alikuwa na miaka minane, mtungi kichwani, akaona yote. Wenzako wakatazama chini.

"Na wewe ulikuwa mgongoni mwake," Ndunge akaniambia. "Ulilia kidogo, ukalala tena."

Jioni ukawaambia majirani kwamba chungu kilikuangukia. Ukamfundisha Ndunge aseme hivyohivyo, naye akasema, miaka yote hii. Mfupa ukaunga vibaya. Tangu hapo kidole kilichoka kabla ya kumaliza, na kucha ya tatu haikusimama. Na wale wanafunzi wako, wenye vidole vizima kabisa, wakavipinda vidole vyao ili wafanane na wewe, kwa heshima, kwa mapenzi, wala hakuna aliyekuuliza. Au walijua? Sema nawe! Nimepima maumivu yako kwa vifaa vya chuo nikayaita kosa dogo.

Nilimchukia Baba usiku ule hadi nikatamani afufuke nimpige mimi. Nimevunja kiti, Mama. Kile cha plastiki cha uani, nimekipiga ukutani mpaka kikabaki miguu. Halafu nikakuchukia na wewe. Ndiyo, wewe. Kwa kusema chungu kimekuangukia. Ulimwachia uongo Ndunge, na uongo huo umevuka bahari bila mtu kuubeba, kwa sababu mimi sikuujua, na Mwikali hata hakukufahamu vizuri, lakini alipoulizwa hospitalini ulikuwa tayari mdomoni mwake. Nani alimfundisha? Nimekaa nalo swali hili siku nne. Jibu ni kwamba nilimfundisha mimi, kwa mwiko, wala si mara ya kwanza.

Jumatatu nilimwambia msimamizi wangu habari ya kidole chako. Akafurahi. Akasema ni jambo zuri sana kwa sura ya nne ya tasnifu yangu. Nilitaka kumpiga, na mkono uliinuka kabisa chini ya meza. Nikaukalia.

Ndunge ananisihi ninyamaze. "Hapa si nyumbani. Ukisema, watu wa serikali watamchukua mtoto." Na yeye ni muuguzi, kazini kwake angetakiwa aseme, lakini ananificha, kama alivyofundishwa. Akaniletea na ile methali yako, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nikamwambia atoke nayo nyumbani kwangu. Mwikali naye anasema tuseme mlango tu, basi, yaishe. Anasema hivyo huku akiangalia mikono yangu. Kila nikinyoosha mkono kuchukua chumvi, anarudi nyuma.

Jana alirudi na udongo kutoka shule. Akakaa mezani akafinyanga kijungu, kikombe hivi, ili kiwe badala ya chako. Hakuniambia. Nilipoingia alikuwa anaweka alama, akiitazama ile ya kwenye kigae. Mkono wa kulia umefungwa, kwa hiyo alitumia gumba la kushoto. Kucha zote tatu zikalala kulia. Akaniambia samahani, zimeharibika.

Nilikwenda bafuni nikauma taulo.

Kwa sababu siku moja mtu angeweza kukipima kile kijungu. Baada ya miaka mia mjinga mwingine kama mimi angekiokota, akasema tazama, hapa alama imegeuka upande, bahati tupu. Na binti wa Mwikali ataiga, atailaza kulia na vidole vyake vizima, na atajua kusema mlango.

Leo nimeing'oa karatasi ukutani. Ukurasa ule wa tasnifu nimeuandika upya, nimeandika mchi, jiwe, na jina la Baba. Ndunge atakasirika. Wewe pia labda utakasirika, ulikificha kisa hicho miaka arobaini. Nisamehe, au usinisamehe, lakini sitakuita bahati tena.

Mwiko nimeuvunja kwa goti, ukanichubua, vizuri. Najua mwiko si kitu, mikono bado ninayo. Ndiyo maana kesho saa tatu asubuhi naonana na mwalimu wake. Nimempigia mwenyewe kuomba nafasi. Nimemweleza Mwikali nitakachosema. Alilia, akaniuliza kama watamchukua. Nimemwambia sijui. Hilo ndilo jambo la kwanza la kweli nililomwambia wiki hii. Wakimchukua, nitakwenda popote watakaponiambia niende, nikae nifundishwe kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka aweze kukaa karibu nami nikichukua chumvi.

Kijungu chake nimekiweka rafuni, pale palipokuwa chako.

Lala sasa, Mama. Ukunjue mkono. Usiku huu mjukuu wako amelala chumba cha pili, mlango ameufunga kwa ndani, na sijamwambia aufungue. Kesho wakiniuliza, sitasema ni mlango. Nitasema ni mimi.

Kanini wako